Mmea Mnene Si Lazima Uwe Mbegu Nzuri: Mwongozo wa Kuchagua Mbegu ya Ufuta Kilolo ya Chini

Wilaya ya Kilolo ina hali ya hewa mbili. Ukiwa Dabaga, Kidabaga au Boma la Ng'ombe unalima mahindi, viazi na maharage, siku hizi na parachichi, na jioni hutoki bila koti. Ukishuka Kitonga ukafika Mahenge na Ruaha Mbuyuni, joto linakupokea, mibuyu inaanza kuonekana pande zote za barabara, na kilimo nacho kinabadilika: vitunguu kandokando ya mto, na mazao yanayovumilia ukame kwenye mashamba yanayongoja mvua. Ufuta ni wa huku chini. Zao hili linapenda joto la nyuzi 25 hadi 35, linaridhika na mvua ya milimita 400 hadi 650 ikinyesha kwa mpangilio, na halifanyi vizuri likipelekwa juu sana ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Aliyeko Dabaga asihangaike nalo. Litaota, litadumaa, na mbegu hazitajaa.

Makala haya ni ya mkulima wa huku chini anayejiwekea mbegu mwenyewe, na ya bwana shamba au bibi shamba anayemshauri. Kila mavuno mkulima huyo huona katikati ya shamba mmea mmoja uliopita kimo cha bega, wenye vitumba kuanzia gotini hadi kileleni. Anaukata, anaufunga pembeni, anasema huu ni wa mbegu. Msimu unaofuata anapanda mbegu zake kwa matumaini makubwa, na shamba linatoka vilevile kama la mwaka jana. Anailaumu mvua. Mara nyingi mvua haina kosa, ni uchaguzi uliokosewa, na kosa lenyewe linarekebishika bila gharama kubwa.

Urithi na mahali

Mmea wa ufuta unaweza kuwazidi wenzake kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kile ulichorithi kutoka kwa mmea mama. Ya pili ni mahali ulipoota: juu ya kichuguu, palipokuwa na zizi la mbuzi, au pembeni ya pengo ambapo miche mitatu ilikufa na huu mmoja ukabaki na mwanga, maji na nafasi peke yake. Jicho haliwezi kuzitenganisha sababu hizi. Linaona mmea mnene tu. Lakini watoto wa mmea huo wanapata urithi peke yake. Kichuguu hakiingii kwenye mbegu.

Watafiti wa mbegu hutumia muda wao mwingi kupima jambo hili. Wanapanda aina nyingi kwa marudio, wanapima tofauti zote zinazoonekana, kisha wanakokotoa ni sehemu gani ya tofauti hizo inatokana na urithi. Sehemu hiyo huitwa kiwango cha kurithika. Hesabu yenyewe ni nyepesi, na inafaa kila anayechagua mbegu aijue. Tuseme, kwa mfano tu, shamba lako lina wastani wa vitumba 40 kwa mmea, na mimea uliyoichagua ina wastani wa 70. Umezidi wastani kwa 30. Kama asilimia 60 ya tofauti hiyo ni ya urithi, watoto watakuwa na wastani wa 40 na kuongeza 18, yaani 58. Hayo ni maendeleo makubwa kwa msimu mmoja. Kama asilimia 10 tu ndiyo ya urithi, utapata 43, na kwa macho hutaona tofauti yoyote.

Ipo hali ya tatu, na ndiyo inayowapotezea watu muda: urithi ukiwa sawa kwa mimea yote ya shamba, maendeleo ni sifuri hata ukichagua kwa uangalifu wa aina gani. Jambo hili lilionyeshwa mwaka 1903 na mtafiti wa Denmark, Wilhelm Johannsen, kwa kutumia maharage, zao ambalo kila nyumba ya Kilolo inalijua. Alichukua maharage ya aina moja ya sokoni, akapanda makubwa na madogo. Makubwa yalizaa watoto wenye wastani mkubwa zaidi, na hapo uchaguzi ulifanya kazi. Kisha akachukua uzao wa haragwe mojamoja, kila mmoja peke yake, akaendelea kuchagua ndani yake. Safari hii haragwe kubwa na haragwe dogo ya uzao mmoja yalizaa watoto wa wastani uleule. Maharage hujichavusha yenyewe, kwa hiyo uzao wa haragwe moja hubaki na urithi mmoja, na ukubwa wa haragwe ndani ya uzao huo ulitokana tu na nafasi lilipokaa gandani na ardhi iliyolilisha.

Ufuta nao hujichavusha kwa sehemu kubwa. Ua lake hufunguka alfajiri, chavua ikiwa tayari ndani karibu kabisa na mahali inapotakiwa kutua, na siku hiyohiyo ua huanguka. Hata hivyo nyuki wanalipenda. Kwa kawaida mbegu chache tu katika mia hutokana na chavua ya mmea mwingine, lakini penye nyuki wengi idadi hiyo hupanda sana. Ongeza na michanganyiko ya mikono yetu: turubai moja la kukung'utia linalotumiwa na ndugu watatu, gunia la kuazima ambalo halikukung'utwa vizuri, kibaba cha mbegu kutoka kwa jirani. Ndiyo maana ufuta wa kienyeji, uliopita mikono mingi kwa miaka mingi, huwa ni mchanganyiko wa koo nyingi ndani ya gunia moja. Kwa anayetaka kuchagua, mchanganyiko huo ni mali.

Jua kwanza uliyonayo

Kabla ya kuchagua, fahamu kama mbegu yako ni safi au ni mchanganyiko. Anza na konzi moja ya mbegu juu ya sahani. Ukiona nyeupe, za hudhurungi na nyeusi pamoja, jibu umelipata. Ganda la mbegu ya ufuta ni sehemu ya mwili wa mmea mama, kwa hiyo mmea mmoja hutoa mbegu za rangi moja hata kama baadhi ya maua yake yalipata chavua ya jirani. Vunja kitumba chochote uone: mbegu zote za ndani zina rangi ile ile. Rangi zikichanganyika kwenye gunia, maana yake mimea iliyolijaza ilikuwa ya urithi tofauti.

Rangi ikiwa moja usitosheke. Nenda shambani wakati maua yamechanua, asubuhi kabla jua halijawa kali, utembee taratibu katikati ya mistari. Angalia mambo manne. Je, maua yote yana rangi moja, au mengine ni meupe na mengine yana wekundu wa zambarau? Je, mimea yote ina matawi, au mingine imepanda juu kwa shina moja tu? Kwenye kwapa la kila jani kuna kitumba kimoja au vitatu? Kisha chuma kitumba kibichi, ukikate katikati kwa ukucha au wembe uhesabu vyumba vya mbegu. Kuna ufuta wenye vyumba vinne na kuna wenye vinane. Sifa hizi nne hazibadilishwi kirahisi na rutuba ya ardhi, ukiacha matawi ambayo huongezeka pakiwa na nafasi. Zikiwa tofauti ndani ya shamba moja, una mchanganyiko. Zikiwa sawa kila mahali, una aina safi au iliyokaribia kuwa safi.

Uamuzi unafuata hapo. Mwenye aina safi, kwa mfano aliyenunua mbegu iliyothibitishwa msimu uliopita, asipoteze nguvu kutafuta mmea mnene. Kazi yake ni kulinda usafi: ang'oe mimea isiyofanana na mingine kabla haijachanua, ang'oe yenye magonjwa, avune mbegu katikati ya shamba mbali na shamba la jirani, na akung'ute kwenye turubai lake mwenyewe. Mwenye mchanganyiko ndiye anayeweza kupata faida ya kuchagua, na sehemu kubwa iliyobaki ya makala haya ni yake.

Mavuno yanatoka wapi

Usichague kwa neno "mavuno". Mavuno ya mmea mmoja ni sifa inayoyumbishwa mno na mahali, na kwa kawaida kiwango chake cha kurithika ni kidogo. Yavunjevunje katika sehemu zake uone ipi inashikika.

Chukua nafasi ya sentimita 50 kati ya mistari na 10 kati ya miche. Hapo kila mmea unachukua sentimita za mraba 500, na ekari moja inabeba mimea ipatayo 80,000. Kila mmea ukiwa na vitumba 30, kila kitumba mbegu 60, na mbegu 1,000 zikiwa na uzito wa gramu 3, mmea unatoa gramu 5.4 na ekari inatoa kilo 432. Ongeza vitumba kumi kwa kila mmea, mengine yabaki vilevile, utafika kilo 576. Punguza mimea iwe nusu kwa sababu ya miche iliyokufa au kupandwa ovyo, na hakuna aina yoyote ya mbegu itakayokurudishia upungufu huo wote, ingawa iliyobaki itajitahidi kutoa matawi. Kwa hiyo kabla ya yote, panda kwa mstari, usifukie zaidi ya sentimita mbili hivi, na punguzia miche mapema. Katika kilo tatu za mbegu za kupanda ekari moja kuna mbegu kama milioni moja, wakati ekari hiyo inahitaji mimea 80,000. Asiyepunguzia anaacha miche iuane yenyewe kwa yenyewe.

Idadi ya vitumba kwa mmea ndiyo sifa ambayo watafiti wa ufuta katika nchi nyingi wameikuta tena na tena ikienda sambamba na mavuno, na tofauti zake hurithika kwa kiwango kizuri kuliko mavuno yenyewe. Ingekuwa naruhusiwa kumpa mkulima sifa moja tu ya kuhesabu, ningempa hiyo. Ni rahisi, haihitaji mizani, na hufanyika mmea ukiwa bado umesimama.

Siku za kufikia maua nazo hurithika vizuri, na huku bondeni zina uzito wa pekee. Mvua zetu ni za msimu mmoja, huanza Novemba au Desemba na kukatika Aprili au kabla, na bondeni mara nyingi hukatika kabla. Ufuta huchukua siku 90 hadi 120 kulingana na aina na joto. Mmea unaochelewa kuchanua hujenga vifundo vingi, na kila kifundo ni nafasi ya kitumba, kwa hiyo mwaka wa mvua ndefu utauona ukiwashinda wote. Mwaka mvua ikikatika Machi, vitumba vyake vya juu vitakuwa mapepe. Maoni yangu ni kwamba mkulima wa Nyanzwa au Ruaha Mbuyuni aweke mpaka kwanza: mmea uliochelewa kuchanua kupita wenzake wengi usiingie kwenye uchaguzi hata ukiwa na vitumba mia. Walio ndani ya mpaka ndio washindane kwa vitumba.

Vitumba vitatu kwenye kila kwapa vinapendeza macho, na mara nyingi huleta wingi. Lakini mmea una chakula cha kugawa, na vitumba vikiwa vingi mno vile vya pembeni huwa vidogo au hukosa kujaa. Vunja kimoja cha katikati na kimoja cha pembeni ulinganishe kabla hujausifia. Uzito wa mbegu 1,000 nao hurithika, na kwa kuwa mnunuzi anapima kilo, mbegu nzito na iliyojaa ina faida. Kimo cha mmea ningekiweka mwisho. Mmea mrefu wenye shina tupu hadi kiunoni umetumia chakula chake kujenga kuni. Afadhali mmea wa wastani ulioanza kubeba vitumba chini.

Rangi ni suala la soko. Ufuta mweupe unatafutwa na wanunuzi wa nje, China ikiwa mbele yao, na mchanganyiko wa rangi hushusha thamani ya mzigo mzima. Kama unauza mnadani kupitia chama cha msingi na stakabadhi ghalani, chagua mimea ya mbegu nyeupe peke yake. Anayekamua mafuta nyumbani anaweza kulegeza sharti hilo.

Magonjwa ni ya kukataa moja kwa moja. Mmea ambao maua yake yamegeuka vijani vya kijani vilivyosongamana badala ya vitumba umeshikwa na ugonjwa unaoenezwa na vidudu vidogo virukavyo vinavyofyonza utomvu. Ung'oe na uuchome. Wenye mabaka meusi kwenye vitumba au ulionyauka ghafla wakati udongo una maji, usichukue mbegu yake hata kidogo.

Chagua ndani ya mraba

Njia bora ya kuzuia kichuguu kisikuchagulie mbegu ilielezwa na mtafiti wa mahindi wa Nebraska, Marekani, Charles Gardner, mwaka 1961. Aligawa shamba katika viwanja vidogo na kuchagua mimea bora ndani ya kila kiwanja, badala ya kuchagua mimea bora ya shamba zima. Kwa njia hiyo mmea hushindana na majirani wanaokula ardhi ileile. Sehemu yenye rutuba haiwezi kutoa washindi wote, na sehemu kavu hutoa wake, ambao huenda wana urithi mzuri kuliko wale wa kichuguuni. Mahindi yake yaliongezeka mavuno kwa asilimia chache kila kizazi, kwa njia ambayo mkulima yeyote mwenye kamba anaweza kuifuata.

Kwa ufuta fanya hivi. Maua yanapoanza, pita shambani ufunge uzi wa rangi moja kwenye mimea iliyowahi, ili mwezi unaofuata usibahatishe ni ipi. Vitumba vya chini vinapoanza kugeuka njano, acha mita mbili kila upande wa shamba, kisha gawa sehemu ya katikati kwa kamba katika miraba ya mita 10 kwa 10. Ndani ya kila mraba tafuta mimea mitatu yenye uzi, isiyo na ugonjwa, yenye vitumba vingi kuliko majirani zake. Sharti moja usilivunje: mmea uwe umebanwa na wenzake pande zote na bado ukazaa. Uliopakana na pengo, njia au kichuguu, uruke. Hesabu vitumba vyake kweli, usikadirie, na uandike kwenye karatasi utakayoifunga kwenye shina.

Miraba 20 itakupa mimea 60. Kila mmoja ukitoa gramu nane hivi, utapata karibu nusu kilo. Kuanzia hapo una njia mbili.

Ya haraka ni kuchanganya mbegu zote 60 na kuzipanda pamoja msimu unaofuata. Nusu kilo ina mbegu zaidi ya 150,000, na ikipandwa kwa uangalifu inatosha nusu ekari bila shida. Utakuwa umeinua wastani wa shamba na kubaki na mchanganyiko, na unaweza kurudia kila mwaka. Kwa mtu mwenye kazi nyingi na mikono michache, hii inatosha.

Ya pili inahitaji uvumilivu wa misimu mitatu, ila inafika mbali zaidi, kwa sababu inaacha kumtazama mzazi na kuanza kuwatazama watoto. Kung'uta kila mmea peke yake na uweke mbegu zake kwenye bahasha yenye namba. Msimu unaofuata panda kila bahasha mstari mmoja wa mita tano, kwenye ardhi iliyo sawa kadiri unavyoweza, na kila baada ya mistari kumi panda mstari wa mbegu iliyothibitishwa kwa ajili ya kulinganisha. Mistari 60 kwa nafasi ya nusu mita inachukua upana wa mita 30 tu. Bakiza sehemu ya mbegu kwenye bahasha, ukame au mbuzi wasije wakakumalizia kazi yote.

Mistari ikikomaa, sahau mmea mmojammoja. Tazama mstari mzima. Mmea uliokuwa mnene mwaka jana kwa sababu ya samadi, mstari wake utakuwa wa kawaida kabisa, na wewe utaufuta bila huruma. Mwingine ambao mwaka jana ulikaribia kuuacha, mstari wake utasimama wote kwa pamoja, maua yamefunguka wiki moja, vitumba vimeshuka chini, mbegu nyeupe. Vuna kila mstari peke yake, upime kwa mizani, ubakize sita hadi kumi iliyoshinda ile ya kulinganisha. Msimu wa tatu ipande hiyo michache sehemu mbili tofauti, moja kwako na nyingine kwa rafiki wa kijiji kingine, kwa kuwa ipo inayopendezwa na tifutifu la mtoni na kushindwa kwenye udongo wa mlimani. Itakayoshinda kote kuwili, hiyo ndiyo ya kuzalisha. Na ufuta huzaliana upesi: kilo tatu kwenye ekari moja nzuri hurudisha kilo 400 na zaidi, mbegu ya kutosha ekari mia moja na kitu.

Kitumba kinachopasuka

Kuna hasara nyingine inayotokana na urithi ambayo mkulima huihesabu kama ajali. Ufuta huendelea kuchanua juu wakati chini umeshakomaa, na kitumba kikikauka hupasuka nchani na kumwaga mbegu. Ukingoja vya juu vikomae, vya chini vimeshamwagika. Mwaka 1943, huko Venezuela, mtafiti Derald Langham aligundua mmea ambao vitumba vyake havikupasuka kabisa. Ulimwengu wa ufuta ulifurahi, kisha ukagundua kwamba vitumba hivyo vilikuwa vigumu kiasi kwamba kuvipura kulivunja mbegu, na mmea wenyewe ulikuwa na kasoro nyingine. Ilichukua miongo mingi ya kuchanganya na kuchagua hadi Marekani wakapata ufuta unaoshikilia mbegu vya kutosha kuvunwa kwa mashine.

Sisi tunaovuna kwa mundu hatuhitaji kitumba kisichopasuka. Tunahitaji mimea ambayo vitumba vyake vya chini na vya juu havipishani sana kukomaa. Wakati wa kuchagua, ukikuta mmea ambao vya chini vimeanza njano na vya juu tayari vimejaa, upe alama. Ukikuta vya chini vimeshafunguka na kileleni bado kuna maua, uache. Kisha vuna kwa wakati: majani ya chini yakishaanguka na kitumba kimoja au viwili vya chini vikianza kufunguka, kata, funga miganda midogo, isimamishe wima juu ya turubai kama wiki mbili, halafu igeuze kichwa chini na kuikung'uta.

Wakati wa kununua

Kuchagua mwenyewe hakuondoi umuhimu wa mbegu ya utafiti. Nchini kwetu ufuta unashughulikiwa zaidi na kituo cha Naliendele, Mtwara, cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI), ambacho kimetoa aina kama Naliendele 92, Ziada 94, Lindi 02 na Mtwara 09. Namba hizo ni miaka zilipotolewa. Kwenye usimamizi mzuri aina bora huweza kupita tani moja kwa hekta, kiwango ambacho mashamba mengi ya wakulima hayakifikii. Ila kumbuka kuwa zimezaliwa katika ukanda wa kusini mashariki, karibu na pwani. Usigeuze shamba lote kwa msimu mmoja. Nunua kidogo, panda mistari michache kando ya mbegu yako, katika ardhi yako, chini ya mvua ya Ruaha, upime. TARI Uyole ya Mbeya, inayotuhudumia Nyanda za Juu Kusini, inajulikana zaidi kwa maharage, mahindi na viazi; usiende huko kudai ufuta, lakini utaratibu wa majaribio ya shambani wanaujua vizuri.

Ukinunua, angalia kwenye mfuko lebo ya TOSCI, taasisi ya udhibiti wa ubora wa mbegu. Mbegu unayojichagulia ni ya shamba lako, na huwezi kuifungasha na kuiuza kama mbegu iliyothibitishwa. Kikundi kinachotaka kuuza mbegu kwa majirani kiombe kusajiliwa kuzalisha mbegu za daraja la kuazimiwa ubora, zenye ukaguzi wa TOSCI na eneo maalumu la kuuzia. Afisa ugani wa kata ndiye wa kuanza naye.

Na ukishapata mbegu mpya inayokupendeza, usiitupe ile ya zamani yote. Mchanganyiko wa wazee wetu una koo ambazo hazipo kwenye mfuko wowote wa dukani, zikiwemo zilizovumilia miaka ya ukame bondeni humu. Hata mimea ya porini ya ukoo wa ufuta, ambayo baadhi yake tunaichuma kama mlenda, haiwezi kuziba kirahisi pengo litakaloachwa na koo hizo zikipotea, kwa kuwa mingi ina idadi tofauti ya kromosomu na haichanganyiki na ufuta wa shambani. Tofauti ikishapotea, hata mtafiti hodari hana pa kuanzia. Kuna hifadhi ya taifa ya rasilimali za mimea kule Arusha inayotunza mbegu za aina hii, na mkulima mwenye ufuta wa zamani usiofahamika anaweza kumwomba afisa kilimo amsaidie kuufikisha.

Kwa hiyo ndugu mkulima, msimu huu ufuta ukianza kuchanua, ingia shambani na nyuzi zako kabla jua halijapanda, na wakati wa kuvuna, kung'uta mimea uliyoichagua kabla ya shamba lote. Ikaushe mbegu kivulini hadi iwe kavu kabisa, iweke kwenye chombo kikavu chenye mfuniko, andika namba na mwaka juu yake, na gunia la kwenda mnadani lisiguse kilicho ndani ya chombo hicho.